Daftari la marehemu mzee wetu limewekwa chini ya mguu wa meza!!! Huyu mtu ana akili kweli?

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka. Mnamjua ninayemsema, sina haja ya kumtaja. Yule bwana wa makabati ya nyaraka, mwenye funguo nyingi kuliko askari jela.

Nimeingia ofisini kwake leo kuchukua karatasi za marehemu mzee wetu, aliyeandika habari tangu enzi za taipureta mpaka macho yakagoma. Familia imeridhia, maboksi nimebeba mwenyewe. Namkuta jamaa kaketi, meza imetulia tuli. Nainama: chini ya mguu wa meza kuna DAFTARI LA MZEE. Limekunjwa mara mbili, chuma kimekanyaga hatimkato yake, yale maandishi ya haraka ya waandishi!

Namuuliza kulikoni, ananijibu bila hata kuinua macho: "Kwani hayo si yalishachapishwa gazetini?"

Yalishachapishwa! Na liko chini ya mguu wa meza!

Gazetini zilitoka aya nne. Daftarini kuna nani alikataa kusema, nani alisema akaomba asitajwe, na pembeni mzee kaandika "huyu anadanganya, rudi kesho". Hiyo "rudi kesho" ndiyo kazi yenyewe! Atakayeandika maisha ya mzee ataipata wapi, kwenye mguu wa meza?

Mwaka 2003 Chuo Kikuu cha Texas, Austin, kilinunua madaftari na karatasi za Woodward na Bernstein, wale waandishi wa habari wa Marekani waliofichua kashfa ya Watergate, kwa dola milioni 5. Na zile za vyanzo vya siri zikafungiwa mpaka mhusika afariki. Huyu wetu anasawazishia meza! Siku ya kuandikwa wasifu wake, naomba uandikwe nyuma ya risiti, uchomekwe chini ya kabati.

Kalamu Butu: Povu lote hili kwa daftari moja? Picha iko wapi? Bila picha ni porojo.

Mleta mada: Picha ya nini! Nimesema MGUU WA MEZA. Tundu limefika mpaka kurasa za kati.

Dada Wino: Namjua huyo. Miswada ya mama yangu alinirudishia kaibana kwa pini za chuma na kuibandika selotepu kila kona. Pini zimeshika kutu, selotepu imeacha madoa ya kahawia yasiyotoka. Heri yako, meza unainua unachomoa.

Mleta mada: Heri yangu?! Dada, mguu wa meza!

Sijasoma Yote: Nimesoma kichwa tu. Ila mwandishi Kafka mwenyewe alimwomba rafiki yake Brod achome kila kitu. Huenda na mzee wenu hakutaka mambo yake yachimbuliwe.

Mzee wa Makabrasha: Mfano ukiuleta umalizie, kijana. Kafka alikufa 1924, Brod hakuchoma, mwaka uliofuata riwaya ikatoka. Na Muyaka, mshairi wa Mombasa, je? Kafariki karibu 1840, mashairi yake tunayo kwa sababu Mwalimu Sikujua aliyakusanya kwa waliokuwa bado wanayakumbuka. Kitabu kimekuja kutoka 1940. Pangekuwa na bwana makabati pale katikati, tusingekuwa na hata beti.

Fundi Kaseti: Mnalilia karatasi, karatasi inasubiri. Njooni kwenye kaseti. Mwandishi mkongwe kasimulia maisha yake pande zote mbili, mtu kaja karekodi harusi juu yake! Unamsikia, "siku niliyokamatwa, aliyenichoma ni…" mara vigelegele.

Kalamu Butu: Hahaha! Aliyemchoma nani sasa?

Fundi Kaseti: Muulize bibi harusi.

Mleta mada: Turudi kwenye mada jamani.

Dada Wino: Na walioandikia kompyuta? Marehemu shangazi kaacha makala miaka na miaka, nywila kaondoka nayo. Tunaiangalia tu ile kompyuta.

Sijasoma Yote: Mimi nina gazeti lenye makala ya kwanza ya babu, limekuwa la njano. Nililaminishe?

Mzee wa Makabrasha: USILAMINISHE! Karatasi ya gazeti inatokana na mbao, ina asidi, inajila yenyewe. Ukishaifunga kwa plastiki ya moto huitoi tena. Ipige picha kwanza, kisha iweke kwenye jalada lisilo na asidi, imelala bapa, mbali na jua na unyevu.

Sijasoma Yote: Bapa sina nafasi. Nitalikunja.

Mzee wa Makabrasha: Kwenye mkunjo ndipo litakapokatikia.

Mleta mada: Si ndicho ninachosema! Daftari LIMEKUNJWA MARA MBILI…

Dada Wino: Subiri kwanza mkuu. Mzee, na selotepu inatolewaje?

Mzee wa Makabrasha: Usiivute kwa mkono, wino utaondoka nayo. Tafuta fundi wa kuhifadhi nyaraka. Iko juu ya maandishi au pembeni?

Dada Wino: Juu ya maandishi. Ukurasa wa kwanza, na saini yake.