Wakuu, nyie kazi ya kutafuta ugonjwa wa gari mnaitozaje? Nimekaa siku moja na nusu nikapewa elfu tano

FundiTegeta

Habari zenu wakuu. Mimi ni fundi huku Tegeta, nilianza kama saidia fundi 2011 na sasa nina kijiwe changu, nafanya injini na umeme wa gari. Nina jambo linanikaa rohoni tangu wiki iliyopita nataka nisikie wenzangu mnafanyaje.

Ililetwa Toyota IST inamisi, yaani injini inarukaruka kwa kuwa silinda haichomi vizuri. Mwenyewe alishapita sehemu mbili, wa kwanza akambadilishia plagi zote nne, wa pili akapima kwa mashine ikasoma P0303, yaani silinda namba tatu haichomi, akamuuzia koili, ile inayotoa moto wa plagi. Ikatembea siku mbili vizuri halafu ikarudia, ndo akaletwa kwangu.

Nikaanza upya kabisa. Nikatoa koili ya tatu nikaiweka ya kwanza, misi ikabaki palepale tatu. Plagi nayo hivyohivyo. Nikapima kompresheni, yaani nguvu ya silinda kubana hewa, zote nne zimekaribiana. Nikabaki na nozo, ile inayopulizia petroli kwenye silinda. Nikachukua bisibisi ndefu, ncha kwenye nozo mpini sikioni, ya kwanza inagonga tiki tiki tiki, ya pili inagonga, ya nne inagonga, ya tatu inagonga kidogo inakata, inagonga inakata. Nikahamisha nozo, bado ni tatu. Basi ni waya. Nikapima waya kwa mita kutoka soketi ya nozo mpaka kontroboksi, ile kompyuta ya injini, mita inasema waya mzima, nikapima tena, mzima. Hapo ndo nilipotezea masaa manake mita ikishakwambia mzima unaamini unaanza kuhangaika kwingine, nikaanza kuishuku mpaka kontroboksi. Giza likaingia gari ikalala kwangu.

Usiku sikulala vizuri naiwaza tu. Asubuhi nikachukua balbu ya indiketa nikaiunga kwenye ule waya nione kama unaweza kubeba mzigo. Ikawaka hafifu kama kibatari kinachoisha mafuta. Nikaufuata ule waya mpaka chini ya manifoldi ya hewa, mahali mkono unaingia kwa shida, nikapapasa kwa vidole mpaka nikahisi mpira wa waya umekwanguka. Panya. Ametafuna zimebaki nyuzi mbili za shaba na zenyewe zimeota ukijani. Mita inapitisha umeme kiduchu sana kwahiyo nyuzi mbili zinaitosha, ila nozo ikidai umeme wake hazitoshi, na injini ikitikisika ndo kabisa. Kumbe gari ilipaki miezi miwili karibu na banda la kuku mwenyewe akiwa safari.

Kuunga ilikua robo saa. Kata, unga, chomelea kwa risasi, vika mpira, funga. Nikampigia kwa furaha kabisa nikamwambia "bosi nimeipata, ni waya tu panya alitafuna". Akaja akawasha, imetulia tuli. Nikamwambia elfu sitini. Akaniangalia akasema fundi, elfu sitini ya waya? Si umesema mwenyewe ni waya tu? Akatoa elfu tano akaniwekea juu ya boneti akaondoka.

Na ile koili ambayo haikua na shida yoyote aliilipia bila neno kwasababu aliishika mkononi kwenye boksi lake. Mimi dogo wangu nimemlipa elfu kumi kwa siku hizo mbili, na gari nyingine mbili zilikuja nikaziambia zisubiri zikaondoka. Sasa nauliza kwa dhati, nyie mnatozaje hii kazi ya kutafuta? Mnasema bei kabla, mnaificha kwenye ufundi, au mnafanyaje? Manake nikiendelea hivi ntarudi kuwa mtu wa kubadilisha oili na brekipedi tu, na ndo kazi zinazolipa kwa kweli.

MzeeWaGasketi

Pole sana mdogo wangu, na hongera kwa ile balbu, wengi wangeishia kumuuzia nozo.

Mimi niko Mwanza, kazi hii nimeanza enzi za Peugeot 504 na Land Rover, kabureta na pointi, sikio na bisibisi vilitosha na mteja alikua anasimama pale anakuona unavyohangaika. Sasa nikwambie ulipokosea na usikasirike. Elfu sitini yako uliipoteza kwenye simu. Neno "tu" ndo lililokula hela yako. Wewe ulikua na furaha ya fundi aliyeshinda, yeye alichosikia ni kwamba tatizo lilikua dogo. Ungemwambia "bosi gari yako silinda ya tatu ilikua haipati mafuta, nimetafuta tangu jana, njoo nikuoneshe" halafu ukamuonesha kile kipande cha waya ulichokikata, ungeona. Ulikitunza?

Mimi sitenganishi bei ya kupima na ya kutengeneza, nasema kazi ya kuondoa misi ni kiasi fulani iwe waya iwe nozo, mradi misi imeondoka. Spea ni pembeni. Mteja ananunua gari iliyopona, hanunui waya.

FundiTegeta

Shikamoo mzee wangu. Umenigusa hapo kwenye "tu", sikuwahi kuliona hilo na kweli nalisema kila mara. Kipande sikukitunza nilikitupa chini pale pale.

Ila swali, ukisema bei moja ya kuondoa misi, je ukikuta injini imekufa kompresheni? Si utakua umejifunga?

MzeeWaGasketi

Marahaba. Kompresheni napima kwanza, kabla sijataja bei. Hiyo ni nusu saa, hiyo nusu saa naikubali iende.

Neema_Vitz

Samahanini mafundi naomba na mimi mteja niseme maana mnatusema kama vile sisi ni wabahili tu.

Vitz yangu ilikua inachemsha. Fundi wa kwanza akafungua akatoa thamostati akaitupa, akaniambia nchi ya joto haina haja na hiko kitu, nikalipa. Ikaacha kuchemsha barabara ya wazi ila kwenye foleni bado sindano inapanda, na mafuta yakaanza kuisha haraka, ile ya elfu ishirini niliyokua naenda nayo siku tatu ikawa siku mbili. Fundi wa pili akasema sensa ya oksijeni, nikanunua, nikalipa na kupima. Wa tatu akasema pampu ya maji. Wa nne, kijana mdogo tu, akawasha gari akaiacha inguruma akasimama mbele ya rejeta anasubiri feni izunguke, haikuzunguka. Mota ya feni imekufa. Akaweka feni, akarudisha na thamostati, mpaka leo iko sawa.

Watu watatu walinitoza kupima na hakuna aliyepima. Kwahiyo nikisikia "hela ya kupima" moyo unaruka, sio kwamba sitaki kulipa, mtu akinionesha alichokifanya nalipa, yule kijana nilimuongezea mwenyewe bila kuombwa. Kaka FundiTegeta huyo mteja wako alishaliwa kwa watu wawili kabla yako, hasira zake zikaishia kwako. Sio haki ila ndo hali halisi.

FundiTegeta

Dada Neema nimekusoma vizuri na nakubali, wenzetu wametuharibia. Hilo la thamostati linaniuma mpaka mimi. Kile kidude kinakaa kimefunga mpaka maji yafike nyuzi 80 na kitu ndo kinafungua, ukikitoa injini haipati joto lake, kontroboksi inadhani bado asubuhi inaendelea kumwaga petroli, ndo maana mafuta yalikua yanaisha. Na gari ikichemsha kwenye foleni ila ukitembea inapoa, kitu cha kwanza unaangalia feni, manake ukitembea upepo wa barabarani ndo unafanya kazi ya feni. Huyo kijana ana akili, kama unamkumbuka usimwache.

Otis_Grogan

Kazi nzuri boss. Mimi niko Nairobi hapo Grogan, na huku ni hivyo hivyo, mtu anakuja na simu amesoma kodi ya kosa mwenyewe, kama hiyo P0303, kwa kile kidude cha bluutuuthi, anakuambia fundi shida ni sensa wewe weka tu. Mashine inakuambia silinda gani inalia, haikuambii ni nini inaliza. Hiyo watu hawaelewi na hata mafundi wengine hawaelewi.

Mimi nilichofanya ni hivi, siguzi boneti kabla mteja hajatuma pesa ya kupima kwa M-Pesa. Na inakua yangu hata kama gari inaenda kutengenezwa kwingine. Mwanzoni nilipoteza wateja, siwezi danganya, kama miezi mitatu nilikua naona gari zikienda kwa jirani. Lakini wale walibaki ni wale wanataka gari itengenezwe. Kitu kilinisaidia ni kufanya ile mtihani ya ufundi ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwanda huku Kenya, nilikua nimejifunza kazi hapo tu kwa barabara, nikafanya Grade Three halafu nikapanda Two, nikaweka cheti kwa ukuta. Mtu akiona karatasi anaheshimu bei. Huko kwenu VETA, wale wa mafunzo ya ufundi, si wako na kitu kama hiyo ya watu wamejifunzia kazini?

FundiTegeta

Wanayo, wanapima ujuzi wa mtu aliyejifunzia gereji wanakupa cheti bila kukaa darasani miaka. Nimekua naahirisha kila mwaka kwasababu ya muda. Hiyo ya kulipa kabla naiogopa kidogo, huku kwetu mteja akisikia toa hela kwanza anaona tapeli. Ila ntafikiria.

Kilian_Columbus

Wakuu mimi niko Marekani, Columbus Ohio, ni fundi kwenye wekshopu kubwa na nimefika huku kutokea Dar. Nataka niwaambie maana najua wengi mnadhani huku kumetulia.

Huku tunalipwa kwa masaa ya kitabu. Kitabu kikisema kazi fulani ni saa 2.5 unalipwa 2.5 hata ukimaliza kwa saa moja, na ukitumia saa 5 bado ni 2.5 hizohizo. Sasa baridi ikija barabara zinamwagiwa chumvi kuyeyusha barafu, chumvi inakula bolti zote za chini ya gari, unakuta bolti imegeuka kuwa gome la mti, unapiga moto unapiga nyundo inakatika, hapo kitabu hakijui habari za chumvi. Na kazi za waranti, za gari iliyo bado kwenye dhamana ya kampuni, ndo balaa, ugonjwa wa umeme unaokuja na kuondoka kama huo wako unaweza kulipwa kidogo sana au usilipwe kabisa ile sehemu ya kutafuta. Vifaa vyote nimenunua mwenyewe kwa mkopo, sanduku langu la spana nalilipia kila wiki. Nimefanya mitihani ya ASE, vyeti vya mafundi magari wa huku, ya A1 mpaka A8, na kila miaka 5 unarudia, halafu unajikuta kadri unavyojua zaidi ndo unapewa zile gari ngumu zisizolipa, na yule anayebadilisha brekipedi siku nzima anarudi nyumbani na hela nyingi kuliko wewe.

Ila kitu kimoja huku ni kizuri, dukani kwa wateja binafsi kuna bei ya kupima imeandikwa ukutani, kwa kawaida inakua kama saa moja ya ufundi, na mteja anasaini kabla. Ikiisha hiyo saa bila jibu, unampigia unamuuliza niendelee au niache. Hapo kwenye kumpigia ndo pa muhimu, FundiTegeta. Wewe ulikaa siku nzima yeye hajui lolote, kimya, halafu ukaibuka na waya. Jioni ile gari ilipolala ungempigia ukamwambia nimefanya hiki na hiki na hiki, sio koili sio plagi sio nozo, nimebakiza waya, niendelee? Akikubali amekubali na bei.

FundiTegeta

Daah, kaka Kilian hapo umenipa dawa. Kweli jioni ile sikumpigia, niliona aibu kumwambia bado sijapata. Niliona nikimpigia bila jibu ataniona sijui kazi.

MzeeWaGasketi

Hiyo aibu wote tunayo. Mimi mpaka leo.

Neema_Vitz

Jamani kumbe? Mimi mteja nikipigiwa jioni nikaambiwa "sio hiki sio hiki nimebakiza hiki" ndo naamini zaidi kuliko anayenijibu kwa dakika tano. Na picha mnitumie, hata sielewi ninachokiona lakini nikiona mkono wako umeingia huko ndani najua umefanya.

FundiTegeta

Narudi wakuu ni siku ya tisa tangu niulize. Nimebandika karatasi mlangoni, kupima elfu thelathini kwa saa mbili za mwanzo, zikiisha nakupigia. Kulipa kabla bado sijathubutu. Gari mbili ziligeuza. Ya tatu ni Noah ya jamaa wa kubeba wanafunzi, inazima ikipata moto, alikubali, na saa mbili ziliisha sijapata, nikampigia huku kifua kinadunda nikamsomea nilichopima, petroli presha iko sawa, moto wa plagi upo mpaka inapozima ndo unapotea, nahisi sensa ya krenki, ile inayoiambia kontroboksi krenki inavyozunguka, inakufa ikipata joto, nahitaji saa moja niipashe niwe na hakika. Akasema endelea fundi, ila saa kumi nina watoto wa kuwafuata shule.

Saa tisa na nusu ilikua inawaka. Ile sensa mbovu nimempa mkononi, kaiweka kwenye dashibodi.