Tanga au Bagamoyo: majengo ya kale na misosi, wapi panalipa?

mgeni_njiani
Wadau habari zenu. Mimi na mama watoto tunatokea Dar, tunataka mji wa zamani wenye majengo ya Mjerumani ila na kula pia, tena kula kweli kweli sio chipsi kuku. Tumebaki na Tanga na Bagamoyo. Mliofika kote mnasemaje?

babu_mkonge
Kama mna siku mbili tu nendeni Bagamoyo, haifiki hata kilomita 80, mnafika asubuhi mnaanza kuzunguka. Boma, Ngome Kongwe, Karavanserai (kituo cha misafara ya zamani), misheni ya Wakatoliki ya tangu 1868 ambako mwili wa Livingstone ulipitia 1874, vyote mnamaliza kwa bajaji. Ndio ilikuwa makao makuu ya Mjerumani mpaka 1891 walipohamia Dar, na mji ukaanza kupoa hapo hapo.

binti_wa_chumbageni
Shikamoo babu, ila kwenye msosi Bagamoyo utampa nini mtu zaidi ya samaki wa kukaanga pale sokoni ufukweni? Watamu sawa, ila ndo hao hao mchana na jioni. @mgeni_njiani kaka njoo Tanga bila kupepesa macho. Asubuhi unashuka Ngamiani, zile barabara za namba, unakula maandazi na mbaazi za nazi au vitumbua vya moto, mchana wali wa nazi na samaki wa kupaka, jioni supu ya pweza na mishkaki halafu kahawa chungu na kashata kwa wazee wa kibarazani, na hapo sijataja mkate wa ajemi jamani. Majengo nayo yapo, nenda Bombo uone ile hospitali ya Mjerumani inavyobomoka inaangalia bahari, inauma. Boma la zamani angalau limefanywa makumbusho.

dereva_wa_segera
Dada kamaliza. Mi naongezea tu, Tanga imechoka lakini watu wanaishi humo humo, chini duka juu familia, baiskeli kila kona. Mji ulijengwa na mkonge na reli, miche ililetwa 1893 ikapona 62 tu, Tanganyika ikaja kuongoza dunia nzima kwa mkonge, halafu kamba za nailoni zikaingia bei ikaanguka na mji nao ukaishiwa hela. Ndo maana maghorofa ya zamani hayajavunjwa, nani angejenga jipya?

babu_mkonge
Marahaba binti. Hayo yote kweli ila basi mpaka Tanga linakula karibu siku nzima, wikiendi ya kawaida mtu anafika amechoka, kesho kutwa anageuza. Au ndio ile waja leo waondoka leo 😂

mgeni_njiani
Shikamoo babu. Tuna siku nne, Jumatatu ni sikukuu na Ijumaa nimeomba ruhusa.

babu_mkonge
Marahaba. Basi Tanga, nimejitoa. Mkipita Muheza nunueni machungwa.

mgeni_njiani
😂😂 Asanteni. Dada, hizo mbaazi zinapatikana mpaka saa ngapi?

binti_wa_chumbageni
Kaka usilale. Saa tatu ukifika unakuta mama anaosha sufuria.