Naomba ushauri, mdogo wangu ana wasiwasi sana mpaka mwili unaumwa
Wadau habari zenu, niko hapa Kampala, mdogo wangu ana miaka 22 yuko chuo, tangu utotoni ni mtu wa wasiwasi, kitu kidogo tu halali usiku kucha, sasa kichwa na tumbo vinamsumbua kila wiki na vipimo viko safi. Nilisoma kuhusu utafiti alioanzisha mwanasaikolojia Lewis Terman kule Marekani 1921, watoto waliokuwa makini na wenye mpangilio ndio walielekea kuishi miaka mingi, sababu mojawapo hawakuvuta sana sigara. Huyu mpangilio hana kabisa, anashindia rolex (chapati ya kuviringishwa na mayai) na soda. Je kwa umri huu tabia inabadilika au tuanze na usingizi na mazoezi? Aliyepitia haya anisaidie jamani, namuonea huruma sana