RDP inakwama nikiwa Tanga, IT wanasema "ni intaneti yako"

Binti Chumbageni
Assalaam alaykum wanajumuiya. Niko Tanga namuuguza mama. Ofisi yangu ya Uingereza (kitengo cha mishahara) walinipa barua kabisa, nifanye kazi kwa RDP (naiendesha kompyuta ya ofisi kutoka mbali) kupitia VPN yao (njia ya siri ya kuingilia mtandao wa ofisi). Sasa nikiandika tarakimu kwenye Excel, zinatokea nikiwa nimeshanyanyua mkono. Nikishusha ukurasa, skrini inajichora kipande kipande, juu kumekaa mwezi huu, chini bado mwezi uliopita. Nimepima spidi, 38 Mbps. IT wameifunga tiketi yangu ya malalamiko, ati tatizo ni intaneti ya mtumiaji. Kuna aliyewahi kuifungulisha tiketi upya bila kupitia kwa meneja? Kuna fomu yake? Maana meneja akisikia tu, ataniambia panda ndege urudi.

Kaka wa Muscat
Wa alaykum salaam dada, pole na mama. Hiyo 38 umepima mpaka wapi? Zile programu za kupima spidi huchagua seva ya jirani, kwa vyovyote ilikuwa Dar. Kazi yako haipo Dar. Kila herufi unayobonyeza inakwenda mpaka Uingereza, kompyuta ya huko inaichora, picha ndiyo inarudi kwako. Tanga hadi London, mstari ulionyooka, ni kama kilomita 7,300. Mwanga ndani ya faiba huenda kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi peke yake ni milisekunde 70 na ushee. Na kebo hazinyooki hivyo. Ukipata 170 shukuru. Ukipata 300, kuna mtu anakuzungusha. Piga ping (kipimo cha muda wa kwenda na kurudi) VPN ikiwa imezimwa, halafu ikiwa imewashwa, utuletee majibu.

Mama Zuhura, Leeds
Mimi nilikuwa Pangani Mei 2024, yalinikuta hayo hayo. Nikanunua bando kubwa, ikatulia. Mnamchosha mtoto wa watu na mahesabu.

Kaka wa Muscat
Mama, kwa heshima zote, bando halikutuliza kitu. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za EASSy na Seacom zilikatika zote mbili kule baharini upande wa Afrika Kusini, Tanzania ikasuasua. Ulinunua bando, huku mafundi wanatengeneza kebo.

Mama Zuhura, Leeds
Mwanangu, najua nilicholipia.

Fundi, Rotterdam
Naomba tuelewane. Dada, ukiwa ndani ya RDP, angalia ule upau wa juu, bofya kialama cha mistari ya mtandao. Kitakwambia hali ya muunganisho, na kama UDP inatumika (njia ya kutuma data bila kusubiri uthibitisho). Isipotumika, upo kwenye TCP, inayosubiri uthibitisho kwamba data imefika. Na kama VPN yenyewe nayo inapita TCP, una TCP ndani ya TCP: pakiti moja (kifurushi cha data) ikidondoka njiani, tabaka zote mbili zinaanza kusubiri na kutuma upya, ndiyo huo mgando unaouona. Hilo ni la IT kulifungua, si la kwako. La kwako ni hili: skrini moja tu, rangi biti 16, zima picha ya nyuma na madoido yote, ondoa printa na diski za laptopu zisifuatane nawe kule. Na uache Wi-Fi, chomeka waya kwenye rauta. Kipindi cha baridi cha huku Ulaya, saa tatu asubuhi ya Uingereza ni saa sita mchana Tanga, unatoka kazini saa mbili usiku, nyumba nzima ipo kwenye tamthilia.

Mtoto wa Makorora
Kwani asiwaambie wamfungulie 3389, mlango wa RDP, moja kwa moja, aachane na VPN? Sisi ofisini kwetu tulifanya.

Fundi, Rotterdam
Astaghfirullah. Usimshauri mtu hivyo, tena wa kitengo cha mishahara! 3389 iliyo wazi kwa dunia nzima inagongwa usiku na mchana na wezi wanaobahatisha nywila. Hiyo ofisi yenu ingali ipo?

Binti Chumbageni
Ahsanteni. Bila VPN, kwenda London 171. Ndani ya VPN, kwenda kwenye kompyuta ya ofisi 338. UDP hakuna. Halafu jina la geti la VPN lina "useast" ndani yake, sijui ndiyo nini.

Kaka wa Muscat
Ndiyo hiyo! "useast" ni US East, mashariki ya Marekani. Unatoka Tanga, unavuka mpaka Marekani, unarudishwa Uingereza. Na picha nayo njia hiyo hiyo. Wakuhamishie geti la Ulaya.

Mzee wa Raskazone
Kabla ya mageti, binti ametimiza la TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania? Oktoba 2023 walitangaza mwenye kutumia VPN atoe taarifa zake, na anwani ya IP. Pia kama yuko kwenye Skilled Worker, viza ya kazi ya Uingereza, aangalie zile siku 180 za kuwa nje katika miezi 12, ILR (ruhusa ya kuishi huko bila kikomo) itamtoka mkononi.

Binti Chumbageni
Shikamoo mzee. Mimi nilishachukua pasi ya huko Uingereza.

Mtoto wa Makorora
Basi umelipa dola 50 za viza kuingia mji uliozaliwa, haha.

Mzee wa Raskazone
Si la kucheka. Mtu kitovu chake kimezikwa Ngamiani, anapanga foleni ya wageni. Uraia pacha tumeuomba mpaka sauti zimekauka, tunapewa "hadhi maalumu". Pesa tunazotuma nyumbani mbona haziulizwi uraia?

Mama Zuhura, Leeds
Waambie mzee! Na siku ya uchaguzi, Oktoba 29, 2025, intaneti ilipozimwa, hao wenye mageti ya Ulaya walifanya kazi?

Msimamizi
Siasa basi. Nimeshasema. Mada ni RDP.

Fundi, Rotterdam
Dada, 338 iandike kwenye barua pepe na jina la geti, ambatanisha picha ya skrini. Mtu wa IT hubishana na malalamiko, namba zinampa tabu.

Binti Chumbageni
Nimpelekee nani, sasa? Tiketi ikishafungwa mfumo hauniruhusu kujibu.

Mama Zuhura, Leeds
Binti, hebu, pale soko la samaki la Deep Sea asubuhi bado wanapatikana changu wa kutosha? Huku nimekula chewa wa barafu mpaka nimemsahau ladha changu.

Mtoto wa Makorora
Changu wapo, bei ndiyo usiulize. Jamani, kuna anayeshuka Dar wiki ijayo kutokea Uingereza? Nina chaja ya laptopu ya mdogo wangu, haina uzito.