Batgirl mwenye jina ni yupi: Barbara, Cassandra au Stephanie?

Mzazi wa Isevya, Tabora
Mwangaluka, ndugu zangu. Binti yangu wa miaka 12 ameanza kusoma vitabu vya katuni vya Batgirl, msichana shujaa katika hadithi za Batman, nilivyovitunza tangu ujana. Juzi alivipanga mkekani akaniuliza mbona Batgirl wa kitabu kimoja ana nywele nyekundu, wa kingine amefunikwa uso mzima na kinyago chenye mdomo ulioshonwa nyuzi, na wa tatu ana nywele za manjano. Nilimweleza kwamba Barbara Gordon, mkutubi na binti wa kamishna wa polisi wa Gotham, mji wa hadithi hizo, alianza mwaka 1967, Cassandra Cain akafuata mwaka 1999, kisha Stephanie Brown mwaka 2009. Hakuridhika, kwani anataka kujua mwenye jina hasa ni nani. Mnasemaje?

Msomaji wa Kanyenye
Hapa Unyanyembe, utemi wa zamani wa Tabora, swali hilo lisingemsumbua mzee yeyote. Jina la Fundikira limebebwa na watemi zaidi ya mmoja, ndiyo maana Abdallah Fundikira, aliyekuja kuwa waziri katika serikali ya Nyerere, huitwa wa tatu, wala hatusemi kwamba amemnyang'anya wa kwanza. Jambo la kutazama ni kile ambacho mrithi analiongezea jina. Cassandra alilelewa bila kufundishwa kusema, ili miili ya watu iwe lugha yake na aweze kulisoma pigo kabla halijarushwa. Alipolivaa vazi, Batgirl akawa msichana anayepigana na malezi yake mwenyewe. Stephanie, ambaye baba yake ni mhalifu, alilipokea vazi hilo mkononi mwa Cassandra. Mwonyeshe binti yako ukurasa huo kwanza.

Dada wa Ng'ambo
Nakubaliana na kaka kuhusu urithi, lakini yaliyotokea mwaka 2011 bado yananiuma. Mwaka 1988 Joker, yule mhalifu adui wa Batman, alimpiga Barbara risasi iliyomjeruhi uti wa mgongo, na mwaka uliofuata Barbara akajitokeza kwa jina la Oracle, akikusanya habari kwa kompyuta na kuwaelekeza mashujaa wengine. Mimi pia natumia kiti cha magurudumu, na wakati wa kiangazi magurudumu madogo ya mbele huzama mchangani, nikabaki nimekwama njiani hadi apite mtu wa kunivuta. Kwa hiyo mwanamke aliyetegemewa na wenzake wote akiwa ameketi kwenye kiti kama changu alikuwa na uzito mkubwa kwangu kuliko yeyote anayeruka juu ya mapaa. Wachapishaji walipoanza upya mwaka 2011 walimrudishia Barbara miguu na jina la Batgirl, na Cassandra na Stephanie wakatoweka vitabuni kwa miaka kadhaa. Nilipoteza watu watatu kwa mpigo.

Mzazi wa Isevya, Tabora
Dada, asante sana. Upande huo sikuwahi kuufikiria. Nimemsomea binti yangu maneno yako, naye anauliza kama haiwezekani wawili wakalitumia jina kwa wakati mmoja.

Dada wa Ng'ambo
Inawezekana, mwambie hivyo. Tangu mwishoni mwa mwaka 2021 ulikuwapo mfululizo ambamo Cassandra na Stephanie wote wawili ni Batgirl, wanaishi pamoja, na Barbara anawaongoza akiwa Oracle. Ukiupata, naomba uniazime mkimaliza.