Ushauri: dodoso la gharama za biashara za huduma, kila mtu ananijibu "laki tatu"

Mpimaji_Moro:
Wakuu, habari za jioni. Chama chetu cha akiba na mikopo hapa Morogoro kimenipa kazi ya kujua saluni, gereji, gesti na mama lishe wanatumia kiasi gani kujiendesha, maana mikopo tunayotoa ama inawazidi ama haiwatoshi. Nina wadodosaji wanne, siku kumi, biashara 120.

Nimeandika dodoso la kurasa saba. Roho yake ni swali la 14: "Gharama zako za uendeshaji kwa mwezi ni shilingi ngapi?" Jana nikalijaribu kwenye saluni sita. Watano walinijibu "kama laki tatu hivi". Wa sita akaniuliza kama nimetumwa na TRA, watu wa kodi. Nakosea wapi?

Babu_Hesabu:
Unakosea hapo hapo kwenye 14, mkuu. Hakuna mtu anayelipa kitu kinachoitwa gharama za uendeshaji. Watu wanalipa pango, umeme, maji, dawa za nywele, ulinzi. Pango analipa miezi sita kwa mkupuo, umeme kila baada ya siku mbili tatu, dawa zikiisha. Wewe unamtaka avigeuze vyote kuwa mwezi, kichwani, huku mteja amekaa kwenye kiti na povu. Lazima akutajie laki tatu.

Uliza kila kitu peke yake: mara ya mwisho ulilipa lini, kiasi gani, na kilikutosha kwa muda gani? Kugawanya kwa mwezi ni kazi yako ukirudi ofisini.

Dada_Rasta:
Mimi nina saluni Kinondoni. Laki tatu huwa tunajibu ili uondoke 😂

Sasa hilo swali lako la mishahara, maana najua lipo. Wasusi wangu wawili siwalipi mshahara, tunagawana nusu kwa nusu kila kichwa. Wa tatu ananilipa mimi elfu tano kwa siku, amekodi kiti. Mtoto wa dada yangu anafagia na kuosha taulo, anakula na kulala kwangu. Na mimi nasuka tangu asubuhi, sijilipi hata senti. Haya, andika.

Mpimaji_Moro:
Dah. Dodoso langu lina kisanduku kimoja tu: "Mishahara". Wa kiti ningemweka humo humo.

Babu_Hesabu:
Huyo wa kiti ni pato la dada, si gharama yake. Badala ya kisanduku, orodhesha kila anayefanya kazi pale, mmoja mmoja: ni nani, yupo saa ngapi kwa siku, analipwaje. Mwenye biashara awe wa kwanza kwenye orodha hata kama hajilipi. Ukimwacha, saluni ya mtu mmoja itaonekana ya bei rahisi kuliko zote mjini.

Uniti_Zimeisha:
Kwenye umeme msiulize kwa mdomo. Mwombe afungue meseji za LUKU, ule umeme wa kulipia kabla, asome mwenyewe tatu za mwisho. Mle kuna uniti, kuna VAT, tozo ya REA ya umeme vijijini 3%, ya EWURA mdhibiti wa nishati 1%, na tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa humo humo. Kwa hiyo mpangaji anamlipia mwenye nyumba kodi yake na ninyi mnaiandika "umeme". Andikeni uniti na pesa, kila moja safu yake. Tena muulize mita inahudumia vyumba vingapi, na kama anapika au analala humo. Ila msipige picha, ile meseji ina namba ya mita ya mtu, na sheria ya kulinda taarifa binafsi tunayo tangu 2022.

Spana_17:
Gereji mtapotea zaidi. Mteja akileta gari, mara nyingine vipuri kama bushi ananunua mwenyewe, mara nyingine fundi anazinunua na kuongeza chake. Zikiingia kwenye gharama, fundi wa chini ya mwembe anaonekana bwana mkubwa. Tenganisha vifaa na ufundi. Na orodha ya leseni isiwe ndiyo orodha yako, wengi wetu hatumo. Tembeeni mtaa kwa mtaa kwanza, mhesabu.

Babu_Hesabu:
Naongezea kwa Spana: hata ISIC, mpangilio wa Umoja wa Mataifa wa aina za biashara, toleo la nne, uliweka ufundi wa magari pamoja na biashara ya kuuza na kununua, kundi G. Saluni ilikuwa S, gesti na mama lishe I. Usije ukajumlisha zote 120 ukatoa wastani mmoja.

Mjasiria_Mali:
Mnazunguka bure. Uliza mapato! Gharama bila mapato zinamsaidia nini mkopeshaji?

Dada_Rasta:
Ukiniuliza mapato swali la pili, la tatu hulipati. Niulize jana nimehudumia vichwa vingapi. Bei zangu zimebandikwa ukutani, piga hesabu mwenyewe.

Mpimaji_Moro:
Nimefuta 14. Mpya inasomeka: "Mara ya mwisho kununua dawa za nywele ilikuwa lini? Ulilipa shilingi ngapi? Zimebaki?" Kurasa zimeshuka hadi nne. Kesho asubuhi narudi kwenye zile saluni sita.

Dada_Rasta:
Kesho Jumamosi, utafukuzwa na kitana. Nenda Jumanne.