Programu za bure kwa steshenari: zipi za kweli, zipi mtego?

Dada Steshenari (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nina steshenari ndogo hapa Mwanjelwa, Mbeya. Kompyuta mbili za mezani za mtumba, printa yenye skana juu yake na mashine ya lamineti, basi. Kazi ni zile mnazozijua: walimu wanaleta mitihani ya kuchapa, vijana wanakuja kuomba kazi Ajira Portal, akina mama wa vikoba wanataka katiba na jedwali la hisa, na picha za pasipoti haziishi.

Programu zote zilizomo aliziweka fundi aliyenipigia Windows. Word ni ya kraki, yaani imevunjwa kufuli isilipiwe, Photoshop ni ya kraki. Kila baada ya muda unatokea ule mstari mwekundu wa kudai usajili. Namwita, anazima antivirus, anaendesha kitu chake, namlipa, anaondoka. Safari hii alipoondoka tu, kila flashi inayochomekwa ikawa inatoka mafolda yote yamegeuka shotikati. Mwalimu mmoja amerudi na flashi yake anadai mtihani wa muhula umepotea, na hakuja kucheka.

Nasikia zipo programu za bure kabisa na ni halali. Shida, nikitafuta nakutana na kurasa zenye vitufe vya kijani vya kupakua kila kona, sijui kipi ndicho na kipi kinaniletea balaa jingine. Mashine ni Windows 10, RAM GB 4. Bando ni la kujibana. Mwenye uzoefu anisaidie: niweke nini, nikitoe wapi, na wateja wangu wanaokuja na Word nitawahudumiaje?

Mla Ndizi Tukuyu

Ugonile mkuu. Cha bure mjini hakuna. Badilisha fundi, endelea na kraki kama watu wote.

Fundi wa Mafiati

Dada, tuanze na mwalimu maana huyo ndiye mwenye haraka. Mtihani wake haujapotea, umefichwa tu. Kirusi hicho kinalificha folda halisi na kuweka shotikati yenye jina lilelile, mtu akibofya kinajisambaza. Ila usiokoe flashi kwenye mashine ambayo bado inaumwa. Kwanza washa Defender, ile antivirus ya Windows ambayo fundi aliizima, endesha ile skani ya Offline, mashine itajizima na kuwaka yenyewe. Ikiisha, chomeka flashi, fungua Command Prompt na uandike:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

E ni herufi ya flashi, kwako inaweza kuwa F au G. Mafolda yatarudi. Futa zile shotikati na faili lolote la ajabu usilolijua, hasa lenye kuishia .vbs.

Halafu Word. Weka LibreOffice. Hii ilitokana na OpenOffice mwaka 2010, inasimamiwa na taasisi isiyo ya faida inayoitwa The Document Foundation. Ndani yake kuna Writer badala ya Word, Calc badala ya Excel, Impress badala ya PowerPoint, na Draw ambayo inafungua hata PDF ukarekebisha neno mojamoja. Haidai namba ya usajili leo wala kesho, na sheria yake inakuruhusu kuitumia kibiashara na kuinakili kwa mashine ya pili bila kupakua tena. Faili la kuisakinisha linazidi MB 300, kwa hiyo subiri bando la usiku.

Pa kuitoa ni libreoffice.org. Iandike mwenyewe juu kwenye kivinjari, usiitafute Google ukabofya cha kwanza, maana cha kwanza mara nyingi ni tangazo. Mwaka 2022 kulikuwa na tangazo la Google lililoonyesha kabisa anwani ya gimp.org, tovuti ya programu ya picha, aliyebofya akapelekwa kwenye tovuti bandia yenye programu ya kuiba nywila. Yaani hata jicho kali lingenaswa. Ukitaka kukwepa vitufe vya kijani kabisa, Windows 10 iliyosasishwa ina amri yake, unaiandika kwenye Command Prompt ileile:

winget install TheDocumentFoundation.LibreOffice

Inaleta yenyewe kutoka kwa wenyewe. Ukiikuta kwenye duka la Microsoft inauzwa, usishangae, ni taasisi hiyohiyo inachangisha. Kwenye tovuti yao ni bure.

Ukishaiweka, ingia Tools, Options, Load/Save, General, uchague ihifadhi kwa muundo wa Word kila mara. Usipofanya hivyo utampa mteja faili la .odt, akalifungue kwingine lisimwelewe, arudi kukusumbua. Hapohapo washa hifadhi ya kujiendesha kila dakika tano. Umeme wetu unaujua.

Mla Ndizi Tukuyu

Fundi umeandika vizuri, lakini hujajibu: nani anawalipa hao watu? Mtu akikupa kitu bure wewe ndiye bidhaa.

Binti wa Iyunga

Kaka, muvi unaangalizia nini? Kama ni VLC, ile ilianza kama mradi wa wanafunzi wa chuo kimoja Paris mwaka 1996 na mpaka leo ni bure, haina hata tangazo. Wanaishi kwa michango. Nyingine zinalipiwa na makampuni yanayozitumia: makampuni makubwa yana waandishi wa msimbo (yale maandishi yanayounda programu) walioajiriwa kutengeneza Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta kama Windows ila wa bure, kwa sababu seva zao zinautumia. Na Android ya simu yako chini yake ni Linux hiyohiyo.

Ila una hoja upande mmoja. Zipo za bure zinazokula taarifa zako, na zipo za bure za siku kadhaa kisha zinafunga kazi zako ndani. Mimi naangalia kama msimbo wake uko wazi mtu yeyote ausome, na kama leseni imeandikwa waziwazi. Nikiijua programu ya kulipia na ninataka mbadala wake, naenda alternativeto.net, naandika jina lake, nachuja zibaki za bure zenye msimbo wazi. Nikipata jina ndipo naenda tovuti ya mwenye programu kuipakua.

Dada, kuna jambo lingine hawajakugusia. Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia bure tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine za mtumba nyingi hazipokei 11. Hapa chuoni MUST tumezoea kuziwekea Linux Mint, ile ya Xfce nyepesi. Inaweza kuwaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, ukaijaribu, ukaona kama printa yako inaitambua, ndipo uamue. LibreOffice inakuja nayo tayari. Na virusi vya shotikati haviiwezi, ingawa flashi ya mteja itabaki na kirusi chake mpaka uisafishe.

Anza na mashine moja tu. Usihamishe duka zima kwa usiku mmoja.

Mwalimu wa Kihesa

Kamwene wadau, niko Iringa. Mimi ndiye yule mteja mnayemsema, wa mitihani. Dada, ukiweka LibreOffice jifunze sehemu ya fomula, hesabu zinatoka safi kuliko kuchora mabano kwa nafasi. Michoro ya jometri mwachie mwalimu aje nayo: GeoGebra ni bure kwa matumizi yasiyo ya biashara, yeye darasani anaruhusiwa, wewe unayetoza hela soma masharti yao kwanza.

Wazazi na wanafunzi wakija kuuliza vitabu, Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao, ol.tie.go.tz, mtu anajisajili na kusoma vitabu vya kiada bure. Tovuti ya NECTA nayo ina uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, unaeleza swali gani watoto walianguka na kwa nini. Walimu wengi hawajui kama upo! Ukiuprinti na kuuweka juu ya kaunta utauza.

Kwa shule isiyo na intaneti kuna Kiwix. Unapakua Wikipedia mara moja, inasomeka bila bando. Ya Kiingereza na picha zake inapita GB 100, msijaribu kwa bando la simu, lakini ya Kiswahili inaingia kwenye flashi ya kawaida.

Dada Steshenari

Mungu awabariki, flashi ya mwalimu imefunguka. Mambo ya Linux nimeyasikia, niacheni kwanza nipumue. Sasa hawa wa Ajira Portal: mteja ana vyeti vya karatasi, mfumo unataka PDF yenye kikomo cha ukubwa. Nimekuwa nikitumia tovuti za kupunguza PDF. Na picha za pasipoti je?

Fundi wa Mafiati

Hizo tovuti achana nazo kwa vyeti. Unapeleka cheti cha mtu, na pengine namba yake ya NIDA, kwenye seva usiyoijua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo na ilianza kutumika Mei 2023. Na nakala za wateja zilizojaa kwenye desktop yako, zifute jioni.

Tumia NAPS2. Ni ndogo, ni bure, inaskani kurasa nyingi na kuziunganisha PDF moja. Cheti cha maandishi skani kwa dpi 150 hadi 200 badala ya 300, ukubwa unashuka wenyewe. Ina pia uwezo wa kusoma maandishi ndani ya picha, na lugha ya Kiswahili unaiongeza kwenye mipangilio. Mwalimu akileta mtihani wa zamani wa karatasi, unauskani, unanakili maneno, unapitia makosa. Mwandiko wa mkono haiuwezi.

Picha: GIMP, gimp.org. Sitakudanganya, wiki za mwanzo utaichukia, vitufe haviko ulikozoea. Ikikushinda, photopea.com inafunguka ndani ya kivinjari na sura yake ni ya Photoshop, ila ina matangazo na inataka intaneti. Kadi za harusi na mabango, Inkscape.

Mla Ndizi Tukuyu

Mimi nimeiweka hiyo LibreOffice kimyakimya. Jedwali la hisa limefunguka. Sisemi zaidi.

Dada Steshenari

😂😂 Karibu kaka. Swali jingine: mtihani wa Jiografia kaleta mteja kwa Word, kwangu ramani imeruka ukurasa wa tatu, ilikuwa wa pili. Nimekosea wapi?

Fundi wa Mafiati

Hujakosea, ni fonti. Word mpya zinaanza na fonti inayoitwa Aptos, mashine yako haina, kwa hiyo LibreOffice inaweka nyingine yenye upana tofauti na mistari inasogea. Times New Roman, Calibri na Cambria huja na Windows, hizo hazitakusumbua. Siku ukihamia Linux, Liberation Serif, Carlito na Caladea zimepimwa upana sawasawa na hizo tatu, kwa hiyo kurasa hazihami.

Ingia Tools, Options, kisha Fonts, kuna jedwali la kubadilisha. Andika Aptos upande mmoja, Calibri upande wa pili, weka tiki ya Always. Bado mistari inaweza kucheza kidogo, ipitie kabla ya kuprinti. Kama mteja anataka kuprinti tu bila kurekebisha, mwambie alete PDF.

Mwalimu wa Kihesa

Na ramani yenyewe ibofye kulia, Anchor, uchague As Character. Itakaa na maandishi yake.